Nyumba ya Mvi: shajara ya riwaya inayoandikwa

Machi, kabla ya masika

Riwaya imepata jina, Nyumba ya Mvi. Ni njozi ya kutuliza moyo, ile hadithi ambayo msomaji anaifungua jioni akiwa amechoka, akijua kwamba jikoni kutakuwa na chungu, kutakuwa na uchawi mdogomdogo wa nyumbani, na hatavunjwa moyo ukurasa wa mwisho. Wahusika ni wachawi. Ni jamaa ambao hawakuzaliwa tumbo moja, wamekutana uzeeni wakaamua kuwa wa nyumba moja.

Nimeiweka Kilifi, upande wa bara, katika kijiji cha kubuni kati ya Ganze na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ugumu wote uko hapo, na hapo ndipo ninapotaka iwe. Kilifi mzee mwenye mvi hana amani. Wazee wanasingiziwa uchawi na kukatwa mapanga usiku, na mara nyingi ukikifuatilia kisa unakuta kiini chake ni shamba. Baba hajagawa ardhi, vijana wamechoka kungoja, mtoto wa jirani kaugua, basi neno limepata pa kutua. Wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili uzee wao usionekane kwa mbali. Na huko Ganze kuna mahali panaitwa Kaya Godoma ambapo wazee waliokimbia vitisho hivyo wamepewa hifadhi, wanakaa pamoja. Nilipozisikia habari za pale nilijua kitabu changu kinahusu nini.

Kaya Godoma yenyewe sitaitumia. Wale ni watu walio hai na habari yao ni yao kuisimulia. Nyumba yangu ni ya kubuni kuanzia msingi hadi makuti.

Aprili, mvua za kwanza

Swali lililonikalisha chini ni hili: hawa wazee wangu ni wachawi kweli au si wachawi?

Nikisema si wachawi, wamesingiziwa tu, nitakuwa nimeandika riwaya ya haki za wazee. Ni kazi njema, lakini msomaji niliyemwahidi njozi nitakuwa nimemnyima chake. Nikisema ni wachawi, basi yule kijana aliyenoa panga alikuwa na hoja tangu mwanzo. Atakuwa amezidisha adhabu tu, shtaka lenyewe ni la kweli. Siwezi kuandika kitabu kitakachompa mtu kama huyo hata nusu neno la kujitetea. Mwandishi wa Uingereza anaweza kucheza na mchawi wake apendavyo, maana kwao sheria ya kumnyonga mtu kwa uchawi ilifutwa tangu miaka ya 1730. Huku kwetu kuna bibi anayelala leo na mlango ameuegemeza kinu.

Jibu nimelipata jikoni kwa Hawe Kadzo, mwenye nyumba. Katika nyumba hii hakuna mwenye uchawi peke yake. Maajabu yanatokea pale mikono ya watu wawili au zaidi inapofanya kazi moja, na watu hao wawe wamekubali kwa moyo kukaa pamoja. Mzee Charo, mmoja wa wakazi, alipokuwa kwake, shtaka likiwa juu ya kichwa chake, hakuwa na uchawi hata wa kuzima kibatari. Anaupata baada ya kufukuzwa, kwa sababu amepokelewa. Waliomshtaki walisema uongo, na uongo wao unabaki uongo hadi mwisho wa kitabu, na nyumba bado imejaa maajabu.

Nilipolipata hilo, mengine yakajipanga yenyewe. Wakigombana, uji unashika chini. Mmoja akisusa chakula, taa zote zinapungua mwanga. Mgeni ambaye hajaamua kama atabaki anaweza kushika kinu pamoja na wenzake asubuhi nzima na kusitokee lolote, na hakuna anayemharakisha.

Kuna kanuni moja nimeiandika kwa wino mwekundu juu ya daftari: hakuna ramli katika nyumba hii. Hakuna anayepiga bao, hakuna anayetazama maji na kutaja jina la mtu. Mara nyingi mauaji yanaanzia hapo, pale mtu aliyefiwa anapokwenda kwa mganga na kurudi na jina la jirani. Uchawi wa Nyumba ya Mvi haujibu swali la nani kafanya nini. Unafanya tui liwe zito, unazuia kuti lisivuje, unamwamsha mtu kabla maziwa hayajafurika.

Aprili, kuelekea mwisho

Orodha ya wakazi imetulia.

Hawe Kadzo ndiye aliyeijenga nyumba, Mgiriama, mjane, ulimi mkali na mkono mpole. Bi Mwanakombo ni Mdigo wa Vanga, mpishi, hawezi kula chakula kisicho na ndimu. Magokoro Kwamboka ametoka Kisii, ambako pia vikongwe wanasingiziwa, na akaja pwani na nguo alizovaa. Mzee Charo ni mgema aliyestaafu, yeye ndiye tunayeingia naye mlangoni sura ya kwanza. Dama ni msichana wa darasa la saba aliyefiwa na wazazi, anafuga vipepeo. Kahindi ana bodaboda. Ndiye anayemleta Mzee Charo usiku, taa ya pikipiki akiwa ameizima.

Halafu kuna bundi. Pwani bundi akilia juu ya paa watu wanahesabu nani mgonjwa kijijini, kwa hivyo hadithi ya wachawi isiyo na bundi ingekuwa inakwepa jambo. Bahati nzuri ni kwamba Arabuko-Sokoke ina bundi wake, mdogo sana, sentimita 16 hivi kutoka kichwa hadi mkia, na na nje ya msitu huo anajulikana kuishi sehemu chache tu, kama kule chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mlio wake ni filimbi fupi inayorudiwarudiwa. Ndege wa kutosha kukaa kwenye kiganja, anayeogopwa na wilaya nzima. Dama anamwachia dirisha wazi, na ndege haji kwa ajili ya kufa kwa mtu. Anakuja kwa ajili ya panzi.

Mei, kusi imeanza kuvuma

Sura ya pili imekaa. Ndiyo sura ya nazi, na nimeiandika polepole kuliko nyingine zote, kwa kuwa msomaji anakutana na uchawi kwa mara ya kwanza hapa, na akiukataa hapa atakifunga kitabu.

Mzee Charo amefika usiku wa manane. Hakuna aliyemuuliza kilichomleta. Asubuhi anakaa uani na kofia kichwani, hataki kuivua, na Hawe Kadzo anamwekea mbele mbuzi ya kukunia na nazi mbili. Mzee ameishi na minazi maisha yake yote. Ameipanda, ameikwea, ameigema, anaweza kugonga nazi kwa ukucha na kukwambia kama maji yamekauka. Lakini kukuna hajawahi kukuna. Kwao hiyo ni kazi ya wake na binti, na kwa mtu wa umri wake kupewa mbuzi ni jambo la kumwudhi. Niliandika kwanza akikataa, kisha nikaandika akifanya mzaha. Sasa anakaa tu juu ya kibao, kiti kiko chini mno, magoti yako karibu na kidevu, na anaanza. Vipande vinatoka vikubwa na vibaya. Bi Mwanakombo hasemi kitu, anavipokea kwenye sinia, anatia maji ya uvuguvugu, anakamua kwa kifumbu.

Tui la kwanza linatoka zito, kama inavyotakiwa. Anatenga kasimele yake pembeni. Anatia maji mara ya pili, anakamua, tui zito vilevile. Mara ya tatu machicha yalitakiwa yawe makavu, ya kutupiwa kuku, lakini kifumbu kinavuja tui lile lile jeupe linalong'ang'ania vidole. Bi Mwanakombo analionja.

"Mzee, nazi hii umeitoa wapi?"

"Si umenipa wewe, dada."

Anaitazama mikono yake, kisha anaitazama ya Mzee Charo, imejaa chenga nyeupe hadi viwikoni. Anamwita Dama alete sufuria kubwa. Wanakamua hadi sufuria inajaa, kisha ndoo, kisha wanaazima karai la jirani, na nazi ya pili bado haijapasuliwa. Siku hiyo nyumba inapika wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka na maboga ya nazi, na jirani aliyeazimwa karai anarudishiwa limejaa. Hakuna anayetamka neno uchawi. Neno lenyewe nimelizuia hadi sura ya tano, na hapo analitamka Mzee Charo, akiwa amechekewa na kila mtu mezani kwa mapenzi.

Sura hii naiamini. Nimemsomea dadangu, ambaye hana subira na vitabu, akaniuliza walifanya nini na nazi ya pili.

Juni

Ugomvi wa mdimu. Njozi ya kutuliza moyo inahitaji ugomvi mdogo unaowaka kweli, mkubwa kiasi cha watu kununiana na mdogo kiasi cha kumalizika kabla ya giza. Dama amenipa.

Kandokando ya Arabuko-Sokoke kuna wakulima wanaofuga vipepeo. Mradi wa Kipepeo, pale Gede penye magofu, ulianza mwaka 1993. Unanunua pupa kutoka kwa wakulima na kuzisafirisha kwenda kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani, na mkulima akipata chake haoni sababu ya kukata miti. Ndiyo kazi ya Dama baada ya shule. Sasa, miongoni mwa vipepeo wanaofugika kwa urahisi kuna yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, na viwavi wake wanakula majani ya milimau na midimu. Katika ua wa Hawe Kadzo kuna mdimu mmoja. Ni wa Bi Mwanakombo, kwa maana ya kwamba yeye ndiye anayeumwagilia, na achari yake ya ndimu ndiyo iliyomfanya aache kulia usiku alipofika mara ya kwanza.

Asubuhi moja mdimu umebaki vijiti.

Nimefurahia kuiandika hii kupita kiasi. Bi Mwanakombo hapigi kelele, anaacha kutia ndimu katika chakula, siku baada ya siku, na nyumba nzima inakula adhabu. Uji unashika chini. Bundi anahamia kwenye paa la jirani, jambo linaloleta balaa lake. Hakuna msuluhishi anayeitwa. Mzee Charo anajitia kazini kimyakimya: anatafuta miche ya mdimu, anaipanda mitano nyuma ya nyumba, anaizungushia chandarua kuukuu, mitatu ya viwavi na miwili ya achari. Dama na Bi Mwanakombo wanajikuta wakimwagilia wakati mmoja, migongo imeelekezana. Asubuhi miche imefika kiunoni.

Pupa lazima zifike Gede mapema kabla hazijapasuka, kwa hivyo hapa ndipo Kahindi anapoingia kikamilifu kwenye hadithi. Anabeba boksi la pamba mapajani na kuendesha kwa mwendo wa mtu aliyepakia mayai.

Juni, baadaye

Kigango, ile nguzo ya mti iliyochongwa ya Wagiriama, nimekitoa. Nilikuwa na wazo la kigango kilichoibwa kikauzwa ng'ambo, kikarudishwa kutoka makumbusho ya Marekani, na sasa kinasikia baridi na kutaka kukaa karibu na jiko. Wizi wa vigango ni jambo la kweli na baadhi vimerudishwa Kenya. Lakini kigango kinasimamishwa kwa ajili ya mtu aliyekufa, mzee wa chama cha Gohu, na koma yake, yaani roho yake, imo. Sio kifaa cha kumpamba msomaji jioni yake. Nilimuuliza mzee mmoja wa Kigiriama, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ningemweka babu yangu mzaa baba karibu na jiko ili watu wacheke. Ukurasa mzima umefutwa na riwaya haijapungukiwa.

Julai

Kalenda ya kitabu imekuwa nywele za Mzee Charo.

Alipofika zilikuwa nyeusi ti, za rangi ya dukani, aliyoipaka mwenyewe gizani bila kioo, na nyingine imemganda sikioni. Nywele ya mtu hukua sentimita 1 hivi kwa mwezi. Kwa hiyo sijaandika tarehe popote. Sura ya nne kuna mstari mweupe kwenye mizizi, na yeye hajui. Wenzake wanaona na hawasemi. Sura ya saba kofia imeshindwa kuficha. Sura ya tisa Dama anamkalisha kwenye kigoda na mkasi, anamuuliza, "Babu, nikate?", naye anakaa muda mrefu akisikiliza kinu upande wa pili wa ukuta kabla ya kumjibu akate. Zile ncha nyeusi zinaanguka mkekani. Nimeandika hapo kila kitu ninachokijua kuhusu kumnyoa mzee: unavyomwinamisha kichwa kwa vidole viwili, ngozi ya nyuma ya sikio inavyokuwa laini kama ya mtoto, na jinsi anavyojipapasa mwishoni akitafuta kilichobaki.

Katika sura hiyo hiyo Hawe Kadzo na Magokoro Kwamboka wanapata kujuana. Wamekaa nyumba moja muda wote wakizungumza Kiswahili cha kuombana chumvi, maana mmoja lugha yake ni Kigiriama na mwingine Kigusii. Kinachowafungua ni Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 aliwazungukia Wagiriama akicheza ngoma ya kifudu, akiwataka wakatae kulipa kodi na kutoa vijana wao kwa kazi za Waingereza. Walimkamata, wakampeleka uhamishoni Kisii yeye na Wanje wa Mwadorikola, na mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Kila mtoto wa Giriama anaijua safari hiyo kutokea upande wa pwani. Nimejiuliza upande wa Kisii nani aliwaona wakipita. Basi katika riwaya, na hili nimelibuni, bibi yake Kwamboka alikuwa msichana aliyewapa wageni wawili uji wa wimbi na hakuelewa neno hata moja walilomwambia. Kwamboka analikumbuka neno la shukrani kama lilivyopokezanwa kwao, limeharibika midomoni mwa watu kwa miaka mia. Analitamka. Hawe Kadzo anaweka upawa chini.

Nimewaacha wapike uji huo pamoja. Kinachotokea kwenye chungu ndicho kikubwa kuliko vyote kitabuni na sitakiandika hapa.

Agosti

Watu wawili waliosoma rasimu wameniuliza jambo moja: mwana wa Mzee Charo atarudi lini kuomba radhi?

Nimelifikiria kwa uzito wote. Hadithi zetu zinapenda mwisho wa namna hiyo. Wazee wanakaa chini ya mwembe, mwana anapiga magoti, baba anamwinua, mbuzi anachinjwa, kila mtu anarudi kwao. Damu nzito kuliko maji. Ninaipenda sulhu, nimekulia ndani yake, na nimeona ikiponya nyumba. Lakini mwana huyu alikubali babake achinjwe kwa ajili ya ekari za mihogo. Kumrudisha mzee kwenye boma lile ili msomaji apumue ni kumrudisha kitandani alipokuwa akilala na viatu. Na ni kuwaambia Bi Mwanakombo, Magokoro na Dama kwamba walikuwa kituo cha basi tu, mtu alingoja hapo hadi jamaa zake wa kweli walipofika.

Mzee Charo anabaki. Nimemwandikia mnazi. Anachimba shimo uani kwa Hawe Kadzo, anatia chumvi na majivu, anapanda mche wa mnazi mrefu wa pwani, ule unaochukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na yeye amevuka 70. Hawe Kadzo anamuuliza nani ataukwea. Anasema, "Dama." Dama, aliyedhani mzee anaupanda kwa ajili ya mtu mwingine, anaanza kuuogopa urefu wa mnazi ambao bado uko chini ya goti lake.

Mwana anakuja, ndiyo, ila anakuja na chifu. Sura hii imenipeleka kwenye sheria. Kenya bado ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, Sura ya 67, na ina makali pande mbili: inamwadhibu anayejidai ana uchawi, na inamwadhibu pia anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi mbele ya watu wasio na mamlaka. Mwana amesimama uani mbele ya mashahidi na kusema neno lile kwa sauti. Hawe Kadzo anamkaribisha chifu kiti, anampa chai, anamngoja anywe, kisha anamuuliza kwa adabu ataandika kosa la nani kwanza. Chifu ni mtu mzuri, nimeamua hivyo mapema. Amezika wazee wengi mno katika lokesheni yake na amechoka. Anatoa kalamu. Mwana anaondoka bila kupiga magoti na bila kupigwa, shamba linabaki kwa jina la Mzee Charo, na habari yake katika kitabu inakomea hapo.

Kilichobaki ni Kahindi. Tangu mwanzo nimejua alijuaje kwamba mzee aondolewe usiku ule ule: vijana walimwita awe mmoja wao, wakampa saa na mahali. Alifika mapema kuliko wao na pikipiki. Hajamwambia mtu. Wakazi wote wanampenda, anakula pale, ana kikombe chake, lakini hajawahi kushika kinu pamoja na mwenzake, kila mara ana kisingizio, na msomaji makini atakuwa ameshaanza kuhoji. Lazima aseme kabla ya sura ya mwisho. Nadhani atamwambia Bi Mwanakombo kwanza, wakati anamenya vitunguu, kwa kuwa kwake machozi hayataulizwa. Halafu Bi Mwanakombo atamlazimisha akamwambie mzee mwenyewe. Sura mbili za mwisho zinaingoja hiyo, na ukurasa wa kinu umeshaandikwa nusu.